Mama Anakwenda Kupumzika

Jirani yangu amenunua mataruma ya zamani, yale magogo mazito ambayo reli ililazwa juu yake, akayafanya nguzo za uzio. Wakati wa jua hayana neno. Mvua ikiyapiga ndipo yanatoa harufu ya lami iliyochanganyika na mafuta ya injini, nayo inavuka ua mpaka kwenye kiti changu cha barazani. Juzi ilinikuta nikimenya njegere. Niliacha kumenya. Ilikuwa harufu ya koti la baba yangu.

Wenzangu mliolelewa kwenye landhi za reli hapa Nakuru mnaijua harufu hiyo bila kuelezwa. Landhi zilikuwa nyumba za wafanyakazi, vyumba vimepangwa mstari mmoja kama mabehewa, na bomba moja la maji ambapo habari zote zilianzia. Baba alipaka mafuta injini kwenye karakana. Mama alitulea, mimi na mdogo wangu Enosi, akafua, akalima mboga za sukuma nyuma ya nyumba, na Jumapili akavaa kitambaa cheupe kichwani akaongoza kina mama kanisani. Sikumbuki kumwona ameketi bila kitu mikononi.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa tumezika mdogo wetu wa mwisho. Aliitwa Yona. Hakuwa ameanza hata kuketi, homa ya mapafu ikamchukua wakati wa baridi. Makaburini mzee mmoja wa kanisa alisimama kando ya kile kisanduku kidogo akasema, "Mtoto huyu hakufa. Amepumzika." Watu wakaitikia amina, na Mama akaitikia pamoja nao, macho makavu. Tuliporudi nyumbani alifunga aproni akaanza kuosha vikombe vya wageni.

Hapo lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtanielewa. Kwetu sisi watu wa wokovu, neno kufa lilikuwa la kuku na ng'ombe. Binadamu walipumzika. Babu yetu kule Maragoli alikuwa amepumzika. Mama Dorika wa chumba cha mwisho alipumzika akijifungua. Na kwa kuwa nyumbani kwetu hakuna mtu aliye hai aliyewahi kupumzika (Baba akichoka aliketi, Mama akichoka aliendelea), sikujua kwamba neno hilo lina kazi nyingine yoyote hapa duniani.

Basi Jumapili moja, mvua za masika zikikaribia na shule zikiwa zimefungwa, Baba alikohoa mezani kama mtu anayetaka kuomba.

"Daktari amesema mama yenu lazima apumzike," akasema. "Nimepata likizo, na pasi ya treni ya familia nzima. Nyumbani sitampeleka, huko atashika jembe tu. Nitampeleka Kampala akapumzike."

Mama aliangalia ndani ya kikombe chake. "Na watoto?"

"Tutakwenda nao. Wakusindikize."

Enosi akauliza kama treni ina choo. Mimi niliuangalia ugali wangu mpaka ukapoa.

Siku hizo likizo ilikuwa ya kwenda nyumbani kulima, au kuezeka nyumba, au kumaliza mashauri ya ukoo. Mtu kumchukua mke wake akampeleka mji wa ng'ambo kukaa bure, hilo halikuwa limesikika landhi. Wanaume wa karakana walimcheka Baba. "Umekuwa mzungu sasa? Utatuletea picha ukiwa umevaa kaptula?" Yeye alicheka nao. Kina mama nao walikuwa na yao pale bombani. Aliyekuwa na mdomo kuwapita wote ni Mama Otieno, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye nilimpenda kwa sababu hakuwahi kunificha kitu. Nilimfuata na debe langu.

"Mama Otieno, kweli watu huenda Kampala kupumzika?"

"Wenye bahati," akasema. "Mama yako ana bwana, wacha mchezo. Mimi huyu wangu hawezi kunipeleka hata hapo Njoro."

"Na wewe ungekubali?"

"Kupumzika? Mtoto wewe! Mimi nikipata mtu wa kunipeleka kesho, ninakwenda hivi hivi na hii leso. Na nikifika, sirudi. Otieno na baba yake watapikiana."

Kina mama wakaangua kicheko. Nilijitwika debe nikaondoka, maji yakinimwagikia shingoni. Nilikuwa nimepata uhakika niliouogopa. Waendao huko hawarudi, na watu wazima wote wanajua, tena hawaoni ubaya wowote.

Safarini niliona dalili kila mahali. Baba alimpa Mama kiti cha dirishani. Alimfunika miguu kwa koti lake tulipopanda kule kwenye baridi ya Timboroa. Akamenya yai la kuchemsha, akalitia chumvi, akampa Mama mkononi. Baba yangu, naye pia mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kutisha, hakuwahi kummenyea mtu yai. Nikajua haya ni mambo ya kuagana. Askari waliingia behewani kukagua vipande, vile vitambulisho vya wakati ule, maana ilikuwa miaka ya hali ya hatari na watu wengine walikuwa wakishushwa njiani, lakini sisi walitupita. Nilikuwa nimetamani watushushe.

Kesho yake treni ilipunguza mwendo, magurudumu yakaanza kulia kwa sauti ya chuma kitupu. Chini yetu kulikuwa na maji mengi yanayokimbia, meupe kwa povu.

"Huu ndio mto Naili," Baba akasema, akimnyanyua Enosi aone. "Tukishauvuka tumefika ng'ambo."

Mto na ng'ambo. Mahubiri yote niliyokuwa nimeyasikia tangu nikiwa mgongoni mwa Mama yalikuwa na mto, na ng'ambo, na mtu anayevuka akapumzika. Nilishika gauni la Mama kwa mikono miwili. Akanitazama, akatabasamu kidogo.

"Unaogopa maji?"

Nikaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jibu rahisi.

Kampala tulishukia kwenye mvua. Tulipokelewa Nsambya, kwenye nyumba za reli, na mtu aliyewahi kufanya kazi na Baba hapa Nakuru kabla ya kurudishwa kwao. Mkewe, Mama Namuli, alikuwa Mganda mnene, mwenye sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Mara tulipoingia alipiga magoti juu ya mkeka mbele ya baba yangu na mama yangu, akainamisha kichwa, akaanza kunong'ona, na wao wakimjibu kwa sauti ya chini, mm, mm, muda mrefu. Leo najua kwamba ndivyo wanawake wa Buganda wanavyosalimu wageni wa heshima. Siku ile niliona mwanamke akimwombea mama yangu. Kwetu hakuna aliyepiga magoti ila kwa Mungu, au kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye daktari ameshafunga mkoba.

Mvua ikaendelea. Baba alikuwa ametuahidi vilima, na soko la Nakasero, na ziwa la kabaka, mfalme wa Buganda, lililochimbwa kwa mikono. Kila asubuhi alisimama mlangoni mikono nyuma, akatazama juu, akasema, "Leo itaacha." Haikuacha. Kuta zilitoa jasho, nguo zilizofuliwa zilinuka bila kukauka, na njia ya kwenda chooni ikawa kijito chekundu. Tulikaa sote kwenye chumba kimoja, Enosi akichora treni ukutani kwa mkaa na kupigwa, akichora tena na kupigwa tena.

"Baba," akauliza siku moja, akinyoosha kidole kwenye ukuta ule, "Kampala ndiyo hii?"

"Hii ni sehemu yake," Baba akajibu.

Mimi nilikuwa na kazi. Niliamua kwamba Mama hatapumzika nikiwa macho. Kila mchana alipojinyoosha kitandani na kufumba macho, nilisimama karibu na kichwa chake. Niliangalia kifua kama kinapanda. Kikinyamaza kidogo tu, nilimgusa.

"Mama, nataka maji."

"Mtungi uko hapo nyuma yako."

Halafu baada ya kidogo, "Mama, Enosi amenifinya." Enosi alikuwa nje. Halafu, "Mama, hiyo sauti ni ya nini?" Ilikuwa mvua.

"Rasoa, una nini wewe?" Mama aliniuliza siku ya tatu au ya nne, ameketi kitandani na macho mekundu. "Nyumbani hukuwa hivi. Nikilala tu unanijia kama nzi."

Sikuweza kumwambia. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kupumzika ni zawadi ya Mungu kwa watu wake, na mimi hapa nilikuwa nikimnyima mama yangu zawadi. Hata kuomba niliona haya. Mwishowe nilipata njia. Niliomba kwamba, kama ni lazima mtu mmoja wa landhi apumzike, basi Bwana ampe Mama Otieno, kwa kuwa yeye alisema mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba yuko tayari.

Ndipo ikaja ile alasiri. Baba alikuwa ametoka na mwenyeji wetu kwenda kuangalia injini mpya, maana hata likizoni hakuweza kukaa mbali nazo. Mvua ilipiga bati kwa nguvu, na baridi ikaingia. Mama alikuwa amelala. Mama Namuli akapita taratibu, akafungua kasha, akatoa nguo kubwa ya rangi ya udongo, nzito, isiyoshonwa, akamfunika Mama kuanzia miguuni mpaka kidevuni. Kisha akarudi jikoni.

Binti yake, Namuli, alinizidi umri kidogo na alipenda kunifundisha mambo. "Unajua hiyo?" akaniuliza. "Si kitambaa. Ni gome la mti, linapigwa kwa nyundo mpaka linakuwa nguo. Hiyo ni ya heshima. Mzee wetu, jaja, tulimzika nayo. Si moja, nyingi, tukamfunga mpaka akawa mnene hivi."

Akaonyesha kwa mikono unene wa jaja.

Sikumbuki kuvuka chumba. Nakumbuka nimeikamata ile nguo kwa ncha na kuivuta, na uzito wake ulivyokuwa kama wa ngozi, na sauti yangu ikipanda juu ya mvua.

"Amka! Mama, amka! Usipumzike! Usipumzike huku!"

Mama aliruka. "Nini? Enosi yuko wapi? Nini kimetokea?"

"Turudi Nakuru! Huku hakuna mtu wa kanisa letu, nani ataimba? Nitachota maji mimi. Nitafua mimi, na za Baba nitafua. Usipumzike, Mama."

"Nisipumzike kwa nini?"

"Yona alipumzika tukamwacha peke yake kule. Sitaki tukuache huku. Mto ni mkubwa, sitaweza kuja kukuona."

Mama alinitazama. Niliona lile neno likimfikia, polepole, kutoka mbali.

"Rasoa," akasema. "Nani alikwambia Yona amepumzika?"

"Mzee wa kanisa. Na Baba. Na wewe ulisema amina."

Alinivuta kitandani akanibana kifuani. Alikuwa bado na joto la usingizi.

"Yona amekufa," akasema.

Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo likisemwa juu ya mtu wetu. Nilidhani ukuta utaanguka. Mama akalisema tena, lakini si kwangu. "Amekufa mtoto wangu. Amekufa." Kisha akalia. Hakuwa amelia siku ya maziko, wala wiki ya maziko, wala siku yoyote kule landhi ambako ukuta mmoja ulitutenga na masikio ya watu na kila mtu alimtazama aone imani yake. Alilia kwa sauti, kama mtu anayetapika, na mvua juu ya bati ikamfunika asisikike mtaani.

Mama Namuli alikuja mbio kutoka jikoni, vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Alipiga magoti kando ya kitanda, na safari hii nilielewa vizuri kwamba haombei mtu. Alimsugua Mama mgongoni kwa kiganja.

"Lia, nyabo," akasema. "Lia, mwenzangu. Hapa ni kwako."

Ilipopungua, Mama alijifuta uso kwa upindo wa gauni langu.

"Sikiliza. Mimi sifi. Nimechoka. Kuchoka ni kitu kingine."

"Baba alisema tunakuleta kupumzika."

"Baba yako alitaka kusema kulala. Kulala mchana, bila kuitwa, bila kuamshwa na mtu." Akanitazama. "Na wewe hujaniacha nilale hata mara moja tangu tufike."

Nikasema sikujua. Na hapo, kamasi zikiwa bado zinamtoka, mama yangu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na Mama Namuli, ambaye hakuwa ameelewa bado, akacheka kwa kumwona yeye.

Baba aliingia akivuja maji toka kofia mpaka viatu. Alitutazama mmoja mmoja.

"Baba Rasoa," Mama akasema, "ulimwambia huyu mtoto tunakuja Kampala kufanya nini?"

"Nilimwambia unakuja kupumzika."

"Basi mwenzako alikuja kunizika."

Baba alisimama palepale, maji yakifanya kidimbwi miguuni mwake. Niliona anarudi nyuma katika maneno yake, moja moja, kama anavyokagua injini. Akaweka mkono kichwani. "Nami nikasema wakusindikize," akasema taratibu. Alitaka kucheka, akashindwa. Akaketi sakafuni na koti lake lililolowa, mzee wa kanisa, mgongo ukutani juu ya treni za Enosi.

"Yona alikufa alfajiri," akasema. "Nilikuwa kazini. Nilipofika mlikuwa mmeshamfunika."

"Najua," Mama akajibu.

"Sikumwona akifa."

"Najua, Baba Rasoa. Nilikuwepo. Hakuumia mwishoni." Na akamweleza, kwa sauti ndogo, jinsi ilivyokuwa. Miezi yote ile hawakuwa wamezungumza juu ya alfajiri hiyo, kwa sababu neno lililotolewa makaburini lilikuwa zuri mno, hakuna aliyethubutu kuliondoa aone kilichoko chini yake. Kisha Baba aliomba. Nilikuwa nimemsikia akiomba mara nyingi kuliko nilivyomsikia akiimba au akicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwambia Mungu, wazi, kwamba mtoto wetu amekufa na kwamba inauma.

Simlaumu yule mzee wa kanisa wa makaburini. Alituambia kweli, na mimi katika uzee wangu naiamini kweli hiyo kuliko nilivyoiamini utotoni. Waliotangulia katika Bwana wamepumzika, nami naingoja zamu yangu bila hofu. Lakini namshukuru Mungu pia kwa mvua ya Kampala. Jua lingewaka tungepelekwa sokoni na ziwani, tungeona kila kitu, tukarudi Nakuru na picha na kimya chetu. Wapo watu waliokwenda miji mikubwa kuliko Kampala wakapigwa na jua zuri, na hawakupata kilichopatikana kwenye chumba kile chenye kuta zinazotoa jasho.

Kesho yake bado ilinyesha. Baada ya chakula cha mchana, ambacho Mama alikionja tu kama kawaida yake, alisema anakwenda kulala. Aliichukua mwenyewe ile nguo ya gome akajifunika. Nilisimama mlangoni. Nilisubiri mpaka pumzi ikawa ndefu. Enosi alitaka kuingia kuchukua mkaa wake, nikamshika kwa ukosi wa shati.

"Anafanya nini?" akauliza.

"Amelala."

"Na sisi?"

Nikavuta mlango ukafungika. Namuli alikuwa uani tayari, ameshika jani la mgomba juu ya kichwa kama mwavuli, akituita. Tulikwenda. Tuliteleza kwenye tope jekundu, tukaanguka, tukanyanyuka, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Nakuru nilimsahau mama yangu kabisa.

Alitoka alasiri imekwisha. Alisimama barazani na kichwa wazi, nywele zimelala upande mmoja, alama za ile nguo ya gome zimechorwa shavuni mwake. Alitutazama jinsi tulivyokuwa wekundu toka utosini mpaka vidoleni. Nikangoja kugombezwa.

"Mama Namuli," akaita kuelekea jikoni, sauti ikiwa nzito bado kwa usingizi, "kile chakula cha mchana kilibaki? Nasikia njaa."

Akaletewa, akala akiwa amesimama pale pale. Kisha akaomba aongezewe.